Glory habanduki kwenye ile muvi ya viatu: jibu kwa mama mmoja wa Moshi

Swali limetoka kwa mama Glory wa Majengo, Moshi, lilikuwa refu kwa hiyo nalifupisha. Alienda mjini kujaziwa katuni kwenye flashi, kijana wa laibrari akamchanganyia na muvi moja ya Iran, haina tafsiri ya DJ, ina subtaito za Kiingereza tu, inahusu kaka na dada yake wanaovaa pea moja ya viatu kwa zamu. Glory ana miaka 9, Kiingereza cha kusoma haraka haraka vile bado hana, lakini katuni zote kaziweka pembeni anairudia hiyo hiyo kila siku. Mama mwenyewe akakaa nayo jioni moja, machozi yakamtoka. Anauliza mbona mtoto haelewi lugha na bado habanduki, kuna nini kwenye hizi muvi za watoto za nchi za mbali ambazo hata hazijulikani na mtu, je ni sawa mtoto kuzing'ang'ania hivyo, na zingine za aina hiyo atazipataje. Halafu Glory naye kaongeza la kwake: Zahra alipata viatu au hakupata?

Marahaba mama Glory. Naanza na la mtoto maana lina jibu fupi: alipata. Hiyo muvi inaitwa Children of Heaven, kaitengeneza Majid Majidi mwaka 1997, na kule mwishoni baada ya yale mashindano ya mbio aliyoingia kaka yake, Ali, kuna kipande kifupi kinaonyesha baiskeli ya baba yao ina viatu vipya, vya Ali na vya Zahra. Ni sekunde chache sana, ukigeuka kumjibu mtu imeshakupita. Mwambie arudishe nyuma aitafute baiskeli. Ali na Zahra wenyewe muvi inaisha bado hawajajua, ni wewe unayeangalia ndo unajua, na nadhani hicho ni moja ya vitu vinavyomrudisha Glory kila siku hata kama hajaweza kukisema, anahisi kuna kitu hakijafungwa.

Sasa twende kwenye lako. Mi hizi muvi ndo kazi yangu ya siku nyingi, nilianza na laibrari ya kukodisha kanda hapa Arusha enzi za VHS, siku hizi Jumamosi naonyesha filamu kwa watoto kule Ngarenaro, projekta na ukuta mweupe, na nimeona watoto wa kila aina wakikaa mbele ya muvi za kila aina. Ninachoamini ni hiki: hizi muvi zinalichukua tatizo la mtoto kwa uzito uleule anaouona mtoto mwenyewe. Bas. Mtoto akipoteza kiatu, mtu mzima anaona kiatu, anawaza itabidi atoe hela. Mtoto hawazi hela, anawaza ataingiaje nyumbani. Kwake dunia imesimama pale. Muvi nyingi kubwa haziamini kama kiatu kinatosha, zinaongeza jini, zinaongeza roboti, zinaongeza ramani ya hazina ili tatizo lionekane ni kubwa, wakati kwa mtoto lilikuwa kubwa tangu dakika ya kwanza.

Angalia lile tatizo la Ali lilivyopangwa. Katumwa kwa fundi na viatu vya dada yake vikashonwe, wakati wa kurudi akapitia kwa muuza viazi, kaviweka viatu pembeni, mtu wa kuzoa takataka kapita kaondoka na mfuko. Hakuna mwizi hapo, hakuna mbaya. Nyumbani baba anadaiwa kodi, mama anaumwa, Ali anajua kabisa akisema anaongeza mzigo juu ya mzigo, kwa hiyo usiku yeye na Zahra wamekaa chumba kimoja na wazazi wanajifanya wanasoma kumbe wanaandikiana kwenye daftari, huyu anaandika vyangu viko wapi mwingine anajibu tutavaa vyangu kwa zamu. Zahra anaingia shule asubuhi, Ali anaingia mchana. Watoto wetu waliosoma shule za shifti hilo hawahitaji kuelezwa. Kila siku Zahra akitoka shule anakimbia mpaka kwenye uchochoro, anavua, Ali anavaa, anakimbia yeye, anachelewa, mwalimu mkuu anamsubiri. Hiyo ndo advencha yote! Hakuna aliyetoka mjini, na bado roho iko mkononi muvi nzima.

Kuna kipande nitakwambia kilivyokuwa siku nilipokionyesha. Zahra anakimbia kutoka shule, viatu vya kaka yake ni vikubwa kwake, kimoja kinamchomoka kinadondokea kwenye mtaro wa maji pembeni ya barabara. Maji yanakipeleka. Yeye anakimbia pembeni, anainama anakikosa, anakimbia tena, kinaingia chini ya kidaraja kinatokea upande wa pili, anakikosa tena, mpaka kinakwama sehemu mkono wake haufiki, anakaa chini analia na ndo mtu mzima anakuja kumsaidia kukitoa. Watoto wa Ngarenaro walikuwa wamekaa kwenye mikeka, karibu wote wakasimama, wengine wanapiga kelele "wahi mbele! wahi mbele usikifuate nyuma!" na wana haki kabisa, anayeijua mitaro anajua ukikifuata kitu nyuma hukipati, unakitangulia unakisubiri. Tehran ipo chini ya milima ya Alborz, maji ya mlimani yanashuka yanapita kwenye mitaro ya mtaani, na mtoto aliyekulia Machame au Kibosho kwenye mifereji ya kumwagilia migomba ameshafukuza ndala yake kwenye maji yanayotoka Kilimanjaro. Muvi inaitwa ya kigeni lakini pale palikuwa hamna mgeni.

Na ukizifuatilia hizi za Iran utaona nyingi zinaanzia sehemu moja, kutumwa. Mtoto katumwa dukani, katumwa mkate, katumwa kwa jirani, au kaomba hela mwenyewe kwa kumsumbua mama yake. The White Balloon ya Jafar Panahi, 1995, skripti iliandikwa na Abbas Kiarostami, ni ya kabinti kanataka samaki wa dhahabu wa mwaka mpya wao wa Nowruz. Kamemng'ang'ania mama mpaka kapewa noti ya mwisho ndani ya nyumba, noti ya toman 500, na chenji inatakiwa irudi. Njiani inaangukia kwenye shimo la wavu mbele ya duka lililofungwa. Anaiona. Iko pale chini, anaiona kabisa, haifikiki! Na redio inahesabu muda uliobaki kuingia mwaka mpya. Hiyo ndo muvi, noti ndani ya shimo na watu wazima wanaopita kila mmoja na shughuli zake, na ilichukua zawadi ya Camera d'Or kule kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, inayotolewa kwa mtengenezaji wa filamu ya kwanza. Sijui mtoto gani wa Mbuyuni au Kiboriloni hajawahi kudondosha hela aliyotumwa nayo, akasimama pale pale miguu imekufa ganzi anahesabu atasema nini akirudi.

Kiarostami mwenyewe alishatengeneza Where Is the Friend's House? mwaka 1987, na mi nikiambiwa nichague moja tu nachagua hii. Mtoto anaitwa Ahmad, kabeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, na mwalimu ameshamwambia huyo mwenzake ukija tena bila kazi kwenye daftari lako unafukuzwa. Ahmad hajui kwa mwenzake ni wapi, anajua jina la kijiji tu, kijiji cha upande wa pili wa kilima. Anamwambia mama yake, mama anasema fanya homuweki. Anamwambia tena, mama anasema kalete mkate. Mara ngapi sijui, na mama hana ubaya wowote, ana mtoto mchanga, ana nguo za kufua, hasikii tu. Sasa hapo mama Glory wewe kama mzazi ndo unapoanza kukaa vibaya kwenye kiti. Halafu kuna babu, anamsimamisha mtoto anamtuma sigara wakati sigara anazo mfukoni, anamwambia mzee mwenzake lengo ni mtoto azoee kutii, na anaeleza baba yake yeye alikuwa anampa senti kila wiki na kipigo kila baada ya wiki mbili, senti mara nyingine alikuwa anasahau ila kipigo hajawahi kukisahau. Wazee wetu wa migombani wangemwelewa huyo babu vizuri sana, na wajukuu wao wangemwelewa Ahmad.

Ndo maana nasema kitu cha pili, hizi muvi hazina adui. Glory kama watoto wengi wa hapa kazoea muvi ina stelingi na adui, unasubiri waonane. Humu watu wazima sio wabaya, wako bize tu, na mtoto inabidi apite katikati ya shughuli zao na jambo lake ambalo hakuna mwenye nafasi ya kulisikiliza. Hiyo ni kweli ya maisha ya mtoto kuliko adui yeyote. Na kwa sababu stelingi humjui, huwezi kubashiri. Stelingi maarufu tunajua hafi, tunakaa kwa raha. Huyu mtoto hujamwona popote, mara nyingi hata hakuwa mwigizaji, kachukuliwa mtaani kwao au kijijini kwao na baada ya hapo karudi shuleni, kwa hiyo unamwangalia kama unavyomwangalia mtoto wa jirani, kwa wasiwasi wa kweli. Wale watoto wa kwenye muvi ya Ahmad ni wa eneo la Koker kaskazini mwa Iran, na mwaka 1990 tetemeko kubwa la ardhi likapiga huko huko, Kiarostami akaondoka kwenda kuwatafuta kama wako hai. Safari hiyo akaja kuitengenezea muvi nyingine, And Life Goes On ya 1992. Wale watoto wawili, aliyeigiza Ahmad na aliyeigiza mwenzake wa daftari, walipona.

Umeuliza pia mbona haelewi lugha na bado habanduki. Hiyo mimi hainishangazi. Mtoto asiyeelewa maneno anasoma uso, anasoma mkono, anasoma mtu anavyotembea, na hizi muvi zimepigwa kwa namna hiyo, kamera iko chini kwenye kimo cha mtoto na inakaa usoni muda mrefu. Kuna ya Kifaransa ya mwaka 1956, The Red Balloon ya Albert Lamorisse, dakika 34, mtoto na puto jekundu linalomfuata kwenye mitaa ya Paris, maneno ndani yake karibu hamna, na ilipata Oscar ya uandishi wa skripti. Hiyo unaweza kumuwekea hata mtoto wa miaka 4, haihitaji subtaito.

Ila ukiweza kumtafsiria, mtafsirie, usione aibu kwamba huna sauti ya DJ. Sisi tumekuzwa na Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, mtu mmoja anasema maneno ya wote, na wengine wanadhani hayo ni mambo ya kibanda umiza tu. Norway, nchi yenye hela zake, kila tarehe 24 Desemba televisheni ya taifa inaonyesha muvi ya Cinderella iliyotengenezwa Czechoslovakia na Ujerumani Mashariki mwaka 1973, na sauti zote kasoma mwanaume mmoja, Knut Risan, za mama wa kambo, za mtoto wa mfalme, hadi ya Cinderella mwenyewe, na Wanorway hawataki ibadilishwe, wamekua nayo. Pale Ngarenaro anayetutafsiria ni binti wa sekondari, anasoma subtaito anaisema kwa Kiswahili cha mtaani kwao, na watoto wanamsikiliza kuliko wangenisikiliza mimi. Kama Glory ana dada au binamu anayejua Kiingereza, mpe hiyo kazi, wakae wawili.

Kwa nini hazijulikani? Kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya kuuza. Ile ya Ahmad ilitoka kwenye taasisi ya Iran inayoitwa Kanoon, ilianzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya vitabu na makuzi ya watoto, baadaye ikaongeza kitengo cha filamu na Kiarostami alikuwemo kwenye kukianzisha. Denmark wao wana sheria tangu mwaka 1982, asilimia 25 ya ruzuku ya serikali kwenye filamu lazima iende kwenye filamu za watoto na vijana. Mtu akilipwa hivyo halazimiki kuweka mlipuko kila baada ya dakika tano, anaweza kukaa na noti ndani ya shimo. Lakini pia hana hela ya mabango wala wanasesere madukani, kwa hiyo muvi inakufika kwa bahati, kwenye flashi, katikati ya katuni. Sisi huku Arusha Wamarekani walikuja kupiga Hatari! na John Wayne, ikatoka mwaka 1962, mandhari yetu yote imo, twiga na vifaru wa ukanda huu wamo, lakini mtoto wa hapa aliyetumwa dukani bado namsubiri, na naomba kijana mmoja mwenye kamera anayesoma hapa alichukue hili kwa uzito, hadithi ziko mlangoni kwake.

Je ni sawa Glory kuirudia? Ni sawa. Anajua itaishaje na bado anaogopa pale pale kila siku, yani anajaribu woga akiwa salama, mama yuko jikoni. Usimkatishe. Unachoweza kufanya ni kumuuliza swali dogo, ungekuwa Zahra ungemwambia baba? Halafu nyamaza usikilize, utajua mambo ya shule yake ambayo hajakwambia.

Ila hapa nakuomba uwe makini kidogo. Kuna muvi zina watoto kwenye kava na sio za watoto. Turtles Can Fly ya Bahman Ghobadi, 2004, ni muvi nzuri sana lakini ni ya watoto wa Kikurdi kwenye mabomu ya ardhini na ina mambo ambayo mtoto wa miaka 9 hapaswi kuyaona kabisa. Na Grave of the Fireflies ya Japani, 1988, ni katuni, kijana wa laibrari atakupa akijua ni katuni, kumbe ni kaka na dada wanaoteseka na njaa wakati wa vita, na haina faraja. Hiyo iangalie wewe kwanza peke yako, yeye aje aione akiwa mkubwa.

Za kumpa sasa. Kwa kuwa kaanza na Iran muache kwanza aje karibu, mtafutie Soul Boy ya Hawa Essuman, 2010, ya Kibera, Nairobi, ina Kiswahili ndani yake, kijana Abila baba yake ameamka kasema roho yake imeibiwa na mtoto anapewa majukumu saba ya kuirudisha, inaenda kwa kasi na haimalizi saa moja na nusu. Supa Modo ya Likarion Wainaina ya 2018 nayo ni ya Kenya, inahusu Jo, binti mgonjwa ambaye hatapona na kijiji kizima kinajipanga kumfanya awe shujaa mwenye nguvu za ajabu, hii mkae pamoja na uwe na muda baada ya hapo maana ataanza kuuliza habari za kufa. Akimaliza hizo mpe The Cave of the Yellow Dog, 2005, ya Byambasuren Davaa, familia ya wafugaji wa Mongolia kweli kweli sio waigizaji, binti kaokota mbwa pangoni baba hamtaki mbwa, kapelekwa kuchunga peke yake juu ya farasi kapotea. Ukiwaonyesha watoto wa Longido au Monduli wanaanza kubishana kuhusu namna anavyochunga. Na Wadjda ya Haifaa al-Mansour, 2012, ya binti wa Riyadh anayetaka baiskeli katika sehemu ambayo wanaona baiskeli sio ya binti, anaingia mashindano ya kusoma Kurani ili apate hela ya kuinunua. Mwongozaji mwenyewe ni mwanamke, mitaa mingine ilibidi aongoze akiwa ndani ya gari anaongea na watu wake kwa redio.

Ukienda laibrari taja jina pamoja na mwaka, usiseme "ile ya mtoto na mbwa" utapewa kitu kingine kabisa. Mwambie kijana akuwekee na faili la subtaito, na faili hilo liwe na jina lile lile la muvi, herufi kwa herufi, vinginevyo deki ya nyumbani haitalisoma. Kwa za Kifaransa, Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, wana tawi hapa Arusha, ulizia wakiwa na maonyesho. Na mkipanda huku kusalimia ndugu, ikaangukia Jumamosi, mlete Glory, tunaanza saa nane mchana, mwambie aje na ndugu zake na kila mmoja aje na kanga au kitenge cha kukalia maana mikeka haitoshi.